Ngwe Isiyoguswa

Kwaya nzima ilinyamaza, besi ikabaki. Haikubaki kwa muda mrefu, pigo moja tu, lakini kanisani pigo moja linatosha watu kugeuza shingo. Wanaume wa safu ya nyuma waliendelea kuishikilia ile "amina" peke yao, kisha nao wakafunga midomo, kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba ndiye aliyekosea. Fausta, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinamisha kichwa. Waliokuwa karibu naye walidhani anasali.

Hakuwa anasali. Alikuwa anaona aibu, maana kosa lile halikuwa la besi. Lilikuwa la kwake.

Fausta alikuwa na steshenari karibu na stendi ya Korogwe. Alichapa, alitoa kopi, alilamineti vyeti vya kuzaliwa, na chumba cha nyuma ndimo alimolala. Katika wateja wake, waliomtesa kuliko wote walikuwa wanakwaya. Kwaya zetu huimba kwa herufi, d, r, m, f, mistari minne, soprano juu, besi chini, maneno ya wimbo katikati, na kuzipanga herufi hizo katika kompyuta ya kawaida ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Ukivuta moja, zote zinahama. Kwa kuwa hasira zake zilikuwa karibu, na akili zake karibu zaidi, Fausta alijifunza kuandika programu kupitia mtandao, akatengeneza ya kupanga nyimbo. Akaiita Sautinne.

Hakuiuza. Aliiweka mtandaoni iwe huria, maana yake kila mtu aichukue bure, na anayejua kuandika programu aifungue, atazame ndani, arekebishe palipoharibika na kumrudishia mwenzake. Alidhani watu watakuja. Kuja walikuja, wa kutumia. Watunzi wa Handeni, wa Songea, wa Bukoba, watu ambao hatawaona mpaka anakufa, wote wakawa wanatunga kwa Sautinne. Watu wengi walikuwa na Sautinne. Sautinne ilikuwa na Fausta peke yake.

Na ilikuwa na kasoro. Wimbo ukizidi ukurasa mmoja, programu ilimwongezea besi kistari kimoja mwishoni, kile kistari kinachomwambia mwimbaji aendelee kushikilia sauti. Wenzake wakinyamaza, yeye anashikilia. Fausta aliijua kasoro hiyo tangu siku za mwanzo, lakini sehemu ya kupanga kurasa aliiandika kwa haraka wakati bado anajifunza, na kila kitu kimeegemea pale. Ukigusa hapa, alto inakatika kule. Halafu hata ukifanikiwa, nyimbo za zamani lazima zifunguliwe moja moja na kuimbwa, kuona kama zimetoka kama mtunzi alivyotaka. Ni kazi ya masikio mengi, naye alikuwa na mawili, na hayo yamechoka.

Jioni hiyo alipotoka misani, simu ilikuwa tayari ina ujumbe wa sauti kutoka kwa Mwalimu Mathias, mtunzi wa Handeni mjini, mstaafu, mwenye sauti nzito na malalamiko mazito.

"Dada Fausta, tumsifu Yesu Kristo. Besi yangu imebaki tena leo. Paroko ameniuliza kama ndivyo nilivyotunga. Nimemwambia ndivyo, kwa aibu. Sasa nakuuliza wewe, nitasema uongo kanisani mpaka lini?"

Fausta aliandika kwenye kundi la WhatsApp la watumiaji: *Ndugu zangu, kasoro ya besi inatusumbua sote. Mwenye nafasi naomba aje tusaidiane kuirekebisha.*

Wakamjibu kwa mikono ya kusali. Mikono mingi, ya rangi zote. Mmoja akaongeza, "Mungu akutie nguvu dada," akaondoka zake. Nguvu Fausta alikuwa nazo. Alichokosa ni watu.

Akaanza kuwabembeleza. Alisoma mtandaoni kwamba wanaojitolea hupenda kutambuliwa, basi akatangaza kwamba atakayesaidia jina lake litaandikwa katika ukurasa wa shukrani. Hakuna aliyekuja. Akachapisha fulana zenye maneno "Fundi wa Sautinne". Hakuna aliyekuja, na fulana moja akaishia kuivaa yeye mwenyewe akipiga deki. Akatangaza cheti. Hapo alikuja kijana mmoja wa chuo, akaondoa nukta moja mahali ambapo ilikuwa imekaa vizuri tu, akaomba cheti chake kikiwa na muhuri.

Kisha akaja Pendo.

Pendo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kwamsisi, mwimbaji wa alto, na hawakuwahi kuonana. Picha yake kwenye simu ilikuwa ya sufuria iliyo jikoni. Hakuuliza cheti wala fulana. Alisema amekuwa akijifunza kuandika programu kwa kompyuta ya shule baada ya vipindi, na kwamba kwake mtandao unashika ukipanda kilimani nyuma ya nyumba za walimu, kwa hiyo Fausta asishangae akichelewa kujibu. Baada ya wiki kadhaa akatuma kazi. Alikuwa ameiandika upya sehemu ya kupanga kurasa, ndefu, polepole, na pembeni ya kila kipande ameeleza kwa Kiswahili safi nia yake, kama mwalimu anayeandika ubaoni. Nyimbo za kurasa mbili zilitoka sawasawa. Za kurasa tatu bado besi ilibaki.

Fausta alifurahi karibu alie. Alifurahi mpaka akashindwa kukaa na furaha yake. Asubuhi hiyohiyo, kabla hajafungua duka, aliingia katika kazi ya Pendo ili amalizie za kurasa tatu. Alipofika ndani akaona hapa panaweza kufupishwa, pale hapajapendeza, maelezo haya ni mengi mno. Akapunguza, akapanga, akafuta. Mpaka wateja wa kwanza wanagonga mlango, hapakuwa na mstari hata mmoja wa Pendo uliosalia. Na alto ikaanza kukatika. Akajaribu kuiunga, ikakatika kwingine. Mwisho akakata tamaa, akarudisha programu yote kama ilivyokuwa mwanzo kabisa, kistari cha besi kikiwa mahali pake.

Akamwandikia Pendo: *Asante sana dada. Nimekurekebishia kidogo, lakini imenisumbua, nitaimalizia mwenyewe.*

Pendo alijibu kesho yake. *Sawa.*

Neno "sawa" lina milango miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Huyu alikuwa ametoka. Fausta hakulijua hilo. Alisubiri kazi nyingine kutoka Kwamsisi, wiki ikapita, mwezi ukapita, na picha ya sufuria ikazama chini ya mazungumzo mengine katika simu yake. Akahitimisha alichokuwa anahitimisha siku zote, kwamba watu hawana moyo. Siku moja mchana, duka tupu, feni ikizunguka bila kuleta upepo, aliandika kundini kwamba masika yakiisha na hakuna aliyekuja, ataifunga Sautinne, kila mtu arudi kwenye kalamu yake. Safari hii hapakuwa na mikono ya kusali. Kundi zima lilikaa kimya, na ukimya ule ulimuuma kuliko alivyotarajia, maana alitaka angalau mmoja amkatalie.

Ndipo mama yake alipopiga simu kutoka kijijini kwao, Kwedizinga. Mama hakuwa mtu wa kupiga simu. Alisema Jumamosi ana watu wa palizi, mahindi yamezidiwa na majani, kama Fausta atakuwa anapita huko.

"Napita wapi, mama, na Kwedizinga haiko njiani kwenda popote?"

"Basi kama hupiti, hupiti," mama alisema.

Fausta alikwenda. Alishuka Kabuku, akachukua bodaboda, akakuta watu wameshafika shambani na sufuria la makande liko mafigani. Alikuwa hajakanyaga shamba lile wakati wa kazi tangu alipohamia Korogwe. Alikuja sikukuu, na kwa misiba, na mara nyingine alituma kitu kwa simu. Mama alikuwa anapima. Alitembea na fimbo ndefu kutoka mwanzo wa shamba, akihesabu midomoni, na kila alipofika mpaka alichomeka kijiti na kutaja jina. Hapa Hiza. Hapa Yusta. Kila mtu akasimama mbele ya ngwe yake, kipande chake cha kupalilia. Fausta alipewa nusu ya ngwe ya mama.

Katikati ya shamba palikuwa na ngwe moja ambayo mama aliipima kama nyingine, akachomeka vijiti, lakini hakutaja jina. Haikuwa na mahindi. Ilikuwa pori, majani yamefika kiunoni na vichaka vimeanza kuwa miti.

"Mama, hapa pamekushinda?" Fausta aliuliza. "Nitakutafutia kibarua apasafishe."

"Hapo paache."

"Si panakula nafasi bure tu."

"Nimesema paache, Fausta."

Walilima. Mikono ya Fausta ilikuwa imezoea vitufe, lakini hasira za mwezi mzima zilimsaidia, akamaliza kipande chake mapema. Alipoinuka akaona Yusta, jirani yao, mjane mwenye nyonga mbovu, yuko nyuma sana ya wenzake. Akaona vibaya kusimama tu. Akaingia katika ngwe ya Yusta kwa upande wa juu, akaanza kupalilia akishuka, ili wakutane katikati.

Yusta aliinua kichwa akamwona. Alifuta jembe lake kwenye majani, upande mmoja, kisha upande mwingine, akalibeba begani, akaenda kukaa karibu na mafiga. Hiza, aliyekuwa akipiga soga tangu asubuhi, akanyamaza. Majembe mengine nayo yakasimama. Fausta akabaki peke yake katikati ya ngwe ya mtu, hajui ashike nini.

Mama alikuja polepole mpaka alipo.

"Yusta amekuita?"

"Hapana. Nimeona amechelewa, nikasema nimsaidie."

"Umeona amechelewa," mama alisema. "Na sasa wote wameona."

"Lakini mama, nilikuwa na nia njema."

"Nia yako ameionaje, wakati hukumwambia neno na jembe limemtangulia? Ngwe ya mtu haiingiliwi mpaka akuite. Akichelewa, unamsubiri. Akishindwa, atasema mwenyewe nimeshindwa, njoo. Wewe umemsemea."

Fausta alihisi uso unamuwaka. Alikwenda mpaka kwenye mafiga, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama Yusta. Naomba unisamehe."

"Marahaba, mwanangu," Yusta alisema bila ukali wowote. "Si neno. Ila ngwe ile nimekuwa nikiimaliza mwenyewe tangu baba yako yu hai."

Walikula makande. Mama, labda kwa kumwonea huruma, akamuuliza habari za ile kazi yake ya kompyuta, maana alisikia kwamba ameikasirikia. Fausta akaeleza kwa kifupi: kuna kitu kimeharibika, anahitaji watu wa kusaidia, hawaji.

"Unawaitaje?"

"Nawaandikia. Nasema, mwenye nafasi aje."

Hiza alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mama naye akacheka.

"Mwenye nafasi! Mwenye nafasi ni nani, mwanangu? Hapa Kwedizinga wenye nafasi wako makaburini. Mimi nikimtaka Hiza, namwita Hiza. Namwonyesha anaanzia wapi na anaishia wapi. Ukimwonyesha mtu shamba lote, ataona kazi. Ukimwonyesha ngwe, ataona mwisho wake."

Baada ya kula, Yusta alirudi kumalizia palipobaki. Hakuna aliyeondoka. Walikaa mwisho wa ngwe yake, majembe yamelala kando, wakizungumza habari za bei ya machungwa Kabuku na harusi ya mtu fulani Mkata, mpaka nyonga mbovu ile ikafika mwisho. Ndipo wakainuka wote pamoja na kuagana. Fausta alimtazama Yusta akitembea kwenda kwake, akamkumbuka Pendo. Akakumbuka mtandao wa kilimani na maelezo yale ya kimwalimu aliyoyafuta kwa kuwa yalikuwa marefu. *Nimekurekebishia kidogo.*

Programu huria hazisahau. Kila kilichowahi kuandikwa na kufutwa hukaa mahali, ukikitaka unakipata. Fausta aliporudi Korogwe aliitafuta kazi ya Pendo, akairudisha yote, na maelezo yake yote, hata pale alipokuwa ameandika "hapa sina uhakika". Akamwandikia:

*Pendo, nilikosa. Nimerudisha kazi yako kama ulivyoiandika. Nyimbo za kurasa mbili zinakwenda vizuri. Za kurasa tatu bado, na hiyo ni ngwe yako, sitaigusa.*

Kisha akaikata kazi yote iliyobaki vipande vidogo, na kila kipande akakitafutia mtu. Hakuandika tena kundini. Alimwandikia mmoja mmoja. Mwalimu Mathias alipewa nyimbo zake tatu tu, asikilize besi yake mwenyewe, basi. Dada mmoja wa Bukoba alipewa alto ya nyimbo za Kwaresima. Yule kijana wa cheti, kwa mshangao wa kijana mwenyewe, alipewa sehemu ndogo ya kuandika programu, akaambiwa inaanzia hapa na inaishia hapa.

Walikuja. Mimi mwenyewe nisingeamini, lakini walikuja. Dada wa Bukoba alimaliza akaomba nyingine. Kijana alikosea, Fausta akajizuia kwa siku mbili, akamwonyesha kosa liko wapi bila kuligusa, na kijana akalirekebisha mwenyewe. Hakukumbuka kuuliza muhuri. Mwalimu Mathias alituma sauti yake akiimba besi, nyuma mkewe akisikika anamwambia apunguze, watu wamelala mchana. "Imekaa, dada Fausta," alisema mwishoni, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakulalamikia kitu. Tangazo la kufunga Sautinne Fausta alilifuta, wala hakuna aliyeuliza.

Ikabaki ngwe moja.

Pendo hakujibu. Alama mbili chini ya ujumbe zilikuwa za bluu, kwa hiyo alisoma. Fausta alijipa sababu zote: mitihani, mvua, mtandao. Akaandika tena kwa kifupi, nako kukawa na bluu na ukimya. Watu walipomaliza vipande vyao walianza kuuliza. Mwalimu Mathias, ambaye wimbo wake mkubwa ulikuwa wa kurasa tatu, alirudia hali yake ya zamani.

"Dada, si kistari kimoja tu hicho? Malizia mwenyewe. Huyo mwenzetu hayupo."

"Yupo, mwalimu. Hajaja tu."

"Na asipokuja?"

Ukweli ni kwamba sasa Fausta angeweza kuimaliza mwenyewe. Kazi ya Pendo ilikuwa imeeleza kila kitu vizuri kiasi kwamba kilichobaki kilikuwa kama cha asubuhi moja. Siku moja alikifungua, akaona wazi pa kugusa, vidole vikiwa tayari juu ya vitufe. Akasikia jembe la Yusta likifutwa kwenye majani. Akafunga kompyuta, akaenda kusimama nje ya duka, akatazama mabasi ya Lushoto yakipakia watu wanaokwenda kwao.

Jumapili kwaya iliimba ule wimbo wa Mwalimu Mathias. Soprano ikanyamaza, alto ikanyamaza, teno ikanyamaza, na besi ikabaki. Safari hii Fausta hakuinamisha kichwa. Alisikiliza pigo lile lote, sauti za wanaume wachache zikingoja wenzao ambao walikwisha kwenda, akaona kwamba hakuna anayeijua sauti ile kama yeye. Alikuwa mpweke. Alijiambia hivyo kwa maneno hayohayo, ndani ya moyo, katikati ya watu.

Alipotoka alimpigia mama.

"Mama, mwenye ngwe asipokuja, unamsubiri mpaka lini?"

Kuku walisikika, na mtu akikata kuni kwa mbali. Fausta akadhani simu imekatika.

"Njoo Jumamosi," mama alisema.

Jumamosi hapakuwa na watu wala sufuria la makande. Mvua zilikuwa zimekatika, mahindi yametoa mbelewele, yamefunika shamba lote isipokuwa ile ngwe ya katikati. Mama alikuwa amesimama mbele yake na majembe mawili. Pori lilikuwa limeongezeka. Vijiti vya mipaka vilikuwa bado vimesimama.

"Unaiona?"

"Naiona," Fausta alisema. "Ya nani?"

"Ya kwako."

Fausta alimtazama mama, kisha akalitazama pori.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka uliokwenda Korogwe. Kila msimu naipima. Hiza hunisumbua, mama Fausta, tulime hapo tupate gunia mbili. Namwambia hapana, ina mwenyewe."

"Si ungeniambia, mama."

"Ungeniletea kibarua."

Kibarua Fausta alikuwa ameshamtaja, tena akiwa amesimama palepale. Akashika kijiti kimoja cha mpaka kama mtu anayetaka kitu cha kujishikiza.

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia mtu huitwa kwa jina. Mbona mimi hukuniita?"

Mama aligeuza uso upande wa barabara.

"Niliogopa," alisema. "Yusta nikimwita asije, najua nyonga imemuuma. Wewe nikikuita usije, ningejua nini? Nikaona bora nipime tu, ninyamaze."

Fausta aliona vile mama alivyokuwa amezeeka, mikono imekuwa myembamba kwenye mpini, akafikiria misimu yote ile, fimbo ile ikipita mbele ya pori, ikipima, ikichomeka vijiti, jina likibaki mdomoni mbele ya watu. Akalia. Hakulia kwa sauti, lakini alilia, na mama akamwacha alie.

Kisha akatoa simu. Alikuwa hajawahi kumpigia Pendo, siku zote waliandikiana tu. Akapiga. Iliita mpaka ikakatika. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Pendo, ni Fausta wa Korogwe. Ngwe yako ipo, sijaigusa, wala hakuna atakayeigusa. Pendo, nakuita."

Alama ilikuwa moja tu, ya kijivu, ujumbe haujafika. Labda alikuwa na kazi za nyumbani, au hakuwa amepanda kilimani, au alikuwa ameshajiamulia lake. Fausta aliiweka simu ndani ya mkoba, akautundika mkoba kwenye kijiti cha mpaka, akachukua jembe moja.

Haukuwa wakati wa kupanda kitu chochote. Ardhi ilikuwa imeanza kukauka na mizizi ilikuwa na miaka. Kila pigo la jembe liliondoa kidogo sana. Alipofika hatua chache tu ndani, viganja vyake vilikuwa vimeanza kuota malengelenge, na sehemu iliyobaki mbele yake bado ilikuwa pori tupu.

Mama hakumsaidia. Alizunguka mpaka mwisho wa ngwe, akatandika kanga yake chini, akaketi, jembe lake limelala kando, akamsubiri.